Baba Kwenye Benchi la Wanawake

Likizo ile nilikuwa nafua nguo za Baba kwake Wanyange, nje kidogo ya Jinja, nikaona doa kwenye fulana yake. Nikachukua ya pili, nayo ina doa. Fulana nne, zote upande wa kushoto, doa dogo la rangi ya chai. Nilimwuliza ni nini.

"Mbu," akasema, bila kuondoa macho kwenye redio aliyokuwa anaifungua kwa bisibisi.

Baba ni askari magereza mstaafu. Alitoka kaskazini, mama yangu marehemu alikuwa Mgisu wa huku Mbale. Hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake sawasawa, kwa hiyo nililelewa kwa Kiswahili cha kambini: njoo, simama, kula, lala. Kilitosha kuendesha nyumba. Lakini kwa kuzungumzia mwili, hasa mwili wa baba mbele ya binti yake, hakikuwa na maneno.

Nilimwambia avue shati. Sikuwahi kumwamuru kitu maishani, nadhani ndiyo sababu alitii. Chuchu ya kushoto ilikuwa imevutwa ndani, na chini yake palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa. Akasema ni pigo la zamani, mfungwa alimpiga kwa mpini wa jembe.

"Pameanza kuvimba lini?"

"Krismasi."

"Krismasi ipi, Baba?"

Akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Hospitalini Jinja tulielekezwa kwenye kliniki ya matiti. Benchi lilijaa wanawake. Nesi alitoka na kadi mkononi, akanitazama mimi. "Dada, ingia. Mzee atakusubiri hapo hapo."

"Mgonjwa ni yeye," nikasema.

Akasoma kadi upya. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alijifunika mdomo kwa mtandio. Baba alisimama wima kama yuko gwaride, akatoka. Nilimkuta getini, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Mama," akaniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "mimi sina titi. Nina kifua."

"Sawa, Baba. Turudi wakapime kifua."

Akarudi. Walimchoma sindano, wakatoa kipande cha uvimbe, wakakipeleka Kampala. Tulingoja wiki nyingi. Siku ya majibu daktari aliongea Kiingereza, nami nikamgeuzia Baba kwa Kiswahili. Nilisema ni kansa. Baba akauliza, "Ya kifua?" Daktari alielewa swali hilo bila mimi. "Ya titi," akasema kwa Kiswahili chake kifupi. "Wanaume pia wanapata. Si wengi, lakini wanapata."

Njiani Baba alisema jambo moja tu: hatatibiwa Jinja, mji ambao kila askari mstaafu anamjua. Atakuja kwangu Mbale. Kwangu ni vyumba viwili, upande wa barabara ya Nakaloke, karibu na shule ninayofundisha darasa la kwanza. Nilimwachia chumba cha kulala, nikatandika godoro sebuleni.

Walimfanyia operesheni huku, wakaondoa upande wote wa kushoto. Kisha zikaanza dawa za dripu, kila baada ya wiki tatu. Nilikuwa naamka alfajiri, napika uji, namsafisha kidonda, nakimbia shuleni, saa sita narudi kumlazimisha kula, nakimbia tena. Alitapika. Alikataa beseni, alitaka kwenda chooni mwenyewe, na choo kiko nje, mwisho wa ua. Nilimshika kiuno, tukaenda hatua kwa hatua huku majirani wanatazama. Siku nyingine nilisimama ubaoni na chaki, nikasahau nilitaka kuandika herufi gani.

Kila aliyepiga simu aliambiwa na Baba, "Naumwa kifua." Nilimwacha. Nani angebishana na mtu mgonjwa? Lakini amekonda, nywele zimekatika, haongei na watu, na anaumwa kifua. Majirani walijua maana yake. Mama wa chumba cha pili kutoka mlango wetu, ambaye alizoea kutuletea uji wa wimbi, aliacha. Alinidai kikombe chake, nilipompa akakipokea kwa ncha za vidole. Kisha mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango. Wazazi wameuliza, akasema kwa upole, kama ni salama mwalimu anayeishi na mgonjwa wa TB kufundisha watoto wao.

Nilirudi nyumbani, sikuvua hata viatu.

"Baba, nimechoka. Kukusafisha hakunichoshi. Uongo wako ndio unanichosha. Uongo wenyewe umenifuata mpaka darasani."

Nililia kwa sauti, kama mtoto. Sikupika siku ile.

Kesho yake, narudi mchana, nikamkuta ameketi nje juani, amempigia kelele mama wa chumba cha pili aje. Mama akasimama mbali, ameshika ndoo.

"Karibu hapa," Baba akasema. "Mimi sikohoi. Umenisikia kukohoa?"

"Hapana, mzee."

Akafungua shati. Kovu lilikuwa bado jekundu, linatoka katikati ya kifua mpaka kwapani. "Ni kansa ya titi. Titi, kama hilo lako."

Mama alicheka, nadhani kwa mshtuko, kisha akaweka ndoo chini. "Wewe mzee! Inauma?"

"Nikiinua mkono."

"Basi usiinue," akasema. Kufikia jioni ua mzima ulikuwa unajua. Mwalimu mkuu nilimpelekea barua ya daktari, hakuniita tena.

Lakini daktari wa Mbale naye alikuwa na swali lake: mzee ana mabinti? Ugonjwa huu, kwa mwanamume, unaweza kuwa umo katika damu ya ukoo. Afadhali binti apimwe. Tulipofika nyumbani Baba aliketi bila kuvua kofia.

"Nimekupa na hii," akasema.

"Hujanipa kitu, Baba."

"Pua nilikupa. Kiburi nilikupa."

Niliahirisha miezi mitatu. Ningesema niliogopa, lakini kusema kweli sikuwa na nguvu ya kukaa kwenye foleni nyingine. Mwishowe yeye mwenyewe alipiga pasi shati lake, akaniambia, "Vaa, twende." Kliniki alikaa katikati ya wanawake, akawaambia waliomshangaa kwamba yeye ni mgonjwa wa zamani. Madaktari hawakuona kitu kwangu. Nitarudi kila mwaka.

Sasa anameza vidonge, vile vile wanavyopewa wanawake, na vinamletea joto la ghafla. Anavua shati popote alipo, analaani, anajipepea kwa gazeti. Daktari hasemi amepona; anasema tuendelee.

Mwezi uliopita alirudi Wanyange, akidai redio zake zinaliwa na kutu. Nilimsindikiza Ijumaa, nikarejea peke yangu. Jumamosi nilirudisha godoro chumbani, nikajilaza nione tu linavyolalika. Mama wa chumba cha pili anasema aligonga mlango mara tatu mchana ule, akafikiri nimesafiri. Sikusikia hata mara moja.