Batani Tisa za Habakuki

Korona ilipouzwa kwa mwekezaji na watu wakapunguzwa kazini, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Korona, kwa asiyeijua, ni kile kiwanda cha kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na Korogwe nzima ilikuwa ikila kutokana na kelele zake. Wenzake Habakuki Shemweta walibeba mabati na majembe, mmoja akang'oa mlango mzima. Habakuki, fundi umeme wa karakana kwa miaka kumi na mmoja, alibeba kifuko cha ncha za fedha, ndogo kama punje za mtama, alizozibandua kwenye swichi kuu zilizokufa. Walimcheka njia nzima mpaka Masuguru. Mtu wa aina hiyo, ukimuuliza kwa nini hakubeba mlango, atakueleza jinsi fedha safi inavyopitisha umeme.

Akawa fundi redio. Chumba alichopanga kilikuwa kimoja, kwa hiyo meza yake ya kazi ilikaa miguuni pa kitanda, na chuma chake cha kulehemu alikipasha kwenye jiko la mkaa lilelile la kupikia. Moshi wa risasi ya kulehemu ulijaa ndani. Mtoto wao, Ruthi, akaanza kikohozi kisichoisha. Mkewe, Loveness, alivumilia mwaka mzima, na kwa mwanamke aliyezaliwa Kwashemshi kwenye hewa ya milimani, mwaka ni mwingi. Kisha alifunga nguo zake kwenye kanga mbili.

"Mimi sikuolewa na redio," alimwambia. "Siku ukipata chumba cha kazi chenye mlango wake na kufuli lake, nitumie salamu. Nitashuka na mtoto."

Hakutukana wala hakulia. Ndiyo maana Habakuki aliamini kila neno, na toka siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mlango wenye kufuli.

Sasa aingie Isihaka Mhina, Mzigua wa Handeni, muuza mitumba aliyepanuka tumbo na biashara pamoja. Mwaka ule wa elfu mbili na mbili soko huria lilikuwa limeshatufundisha kwamba kila kilichowachosha wenzetu ng'ambo kitafika Korogwe na kuitwa kipya. Isihaka alifungua banda la gemu na kuleta mashine moja ya ajabu: mipira ya rangi inashuka kwenye kioo huku muziki unapiga, na mpira ukigusa mstari wa chini unabonyeza batani ya rangi yake. Ukiwahi, ngoma inalia. Ukichelewa hata kidogo, mashine inakuzomea. Batani zilikuwa tisa, kila moja kubwa kama kisahani, juu ya meza pana iliyokula nusu ya banda. Vijana walizitwanga kama wanaopura maharage. Baada ya wiki sita, batani sita zilikuwa zimekufa.

Isihaka akamwita Habakuki mbele ya watu.

"Mtani, nitengenezee kapedi kadogo ka batani. Mtu akae kwenye benchi, akapakate, apige. Hii meza niitupe."

"Inawezekana. Lakini itataka muda, mtani."

"Chukua muda. Kakimaliza mwezi mzima bila batani kufa, kile chumba changu cha nyuma ni chako. Umeme umo, mlango umo." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Shika kabisa. Wote mmeona?"

Wote walisema wameona.

Walikuwa watani kweli, Msambaa na Mzigua, kama babu zao walivyokuwa. Mtani anaweza kukuvua kofia sokoni, anaweza kulala juu ya jeneza la baba yako akidai apewe jogoo, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Lakini utani una mipaka, na wazee wanaijua: hauingii kwenye jasho la mtu. Isihaka aliijua pia.

Habakuki alikwenda na ufunguo nyumbani, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda, wala hakwenda kuujaribu. Watu wanauliza mpaka leo kwa nini. Kwao Vugiri, baba yake alipogawiwa shamba kwa neno, hakukanyaga mpaka wake kabla ya siku yenyewe. Kwenda kupima mapema ni kumwita aliyekupa mwongo. Habakuki alilelewa hivyo. Ni malezi mazuri sana ukiishi na watu wa Vugiri.

Akaanza kazi. Sanduku alilichonga kwa mbao za msonobari, halikuzidi trei ya chai. Batani zilikuwa vifuniko vya makopo ya mafuta ya kujipaka, vyekundu, vya njano, vya kijani, vya buluu, na vyeupe alivipaka rangi ya kucha aliyoiacha Loveness. Chini ya kila kifuniko aliweka kipande cha soli ya ndala ili kiinuke kikiachiwa. Visahani vya kugusana alivikata kwenye springi za saa za mezani, na kwenye kila ncha akalehemu punje moja ya fedha yake ya korona. Kazi ngumu ilikuwa nafasi kati ya ncha na ncha. Ikiwa pana, batani inachelewa na mashine inazomea; ikiwa nyembamba, inajipiga yenyewe. Aliipima kwa karatasi ya daftari, ikawa pana. Akaipima kwa karatasi ya sigara, ikawa sawasawa. Batani ya buluu ya katikati aliipigia tupa siku nne.

Eliasi, fundi mwenzake wa stendi, alikuja kuitazama, akaibonyeza batani moja moja kwa heshima. Kisha akasema la kifundi.

"Ndugu yangu, acha kaugonjwa kadogo. Waya mmoja tu, ulegee kila baada ya wiki tatu. Akuite, uje, ule. Kitu kisichougua kinamfanya fundi asahaulike."

"Kikiugua kabla ya mwezi nimekosa chumba."

"Basi kiugue baada ya mwezi."

"Siwezi," alisema Habakuki, na alikuwa anasema kweli. Mikono yake haikujua kuharibu.

Pedi iliingia bandani, na Korogwe ikapata wazimu. Vijana walikuja toka Mombo na Muheza kuipakata. Wiki ya kwanza haikufa batani, wala ya pili, wala ya tatu. Isihaka alimsifu kwa sauti kubwa, akimwita injinia. Mwezi ulipotimia Habakuki alituma salamu Kwashemshi kwa mama mmoja wa kanisani: mlango umepatikana.

Loveness alishuka Jumapili mchana. Ruthi alikuwa mgongoni, hakohoi tena. Alileta mkungu wa ndizi na mkeka mpya aliousuka mama yake. Alipomwona mumewe amevaa shati la harusi akacheka kidogo, na Habakuki akajua amesamehewa. Walitembea pamoja mpaka bandani, ufunguo mkononi mwake. Benchi zilikuwa zimejaa na wengine wamesimama. Yeye alidhani wamekuja kwa ajili ya gemu.

"Karibu mtani! Karibu shemeji!" Isihaka alifungua mikono. "Mlango ule pale. Fungua mwenyewe."

Ufunguo uliingia nusu, haukuzunguka. Habakuki akautoa, akauangalia, akaurudisha. Fundi akikutana na kufuli gumu anafikiria kutu, hafikirii binadamu. Akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, akapiga goti, akatia mafuta kwenye kufuli, tone kwa tone, kwa uangalifu ule wa siku zote.

Hapo banda zima likapasuka. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja alilia machozi ya kucheka. Nilikuwapo, na sitajitoa: nilicheka na mimi, na sijawahi kujipenda kwa jambo hilo.

"Ufunguo wa baiskeli ya marehemu babu!" Isihaka alisema alipopata pumzi. "Na baiskeli yenyewe iliibwa! Mwezi mzima Msambaa anaulalia ufunguo!" Akatoa ufunguo wa kweli, akafungua. Ndani kulikuwa na marobota ya mitumba mpaka darini. Hayakuwahi kutolewa, wala hayakuwa na mpango wa kutoka.

Loveness aliuliza taratibu, "Hukuujaribu?"

"Alinipa kwa neno, mama Ruthi."

Watu walikuwa wanamtazama. Mtani hakasirikiwi. Habakuki alisimama, magoti yana vumbi, akaufungua mdomo akacheka. Alicheka kwa nguvu, kama wao. Isihaka akamkumbatia, akaagiza soda, akamwekea mkononi, naye akainywa.

Nadhani Loveness angevumilia uongo wa Isihaka. Ni kile kicheko alichoshindwa kukivumilia.

"Wewe cheka, mume wangu," alisema. "Sisi tunapanda."

Aliuweka mkungu chini, akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka na mkeka. Ndizi watani walizigawana kabla hajafika barabarani. Ni haki yao.

Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na mbili. Sasa ni wa tatu tangu hapo, na pedi haijafa. Isihaka amebadilisha kioo mara mbili, amebadilisha spika, amempa kazi hizo fundi wa Tanga. Pedi haijamtaka mtu. Habakuki hutengeneza redio chumbani kwake, miguuni pa kitanda. Lakini kila mchana huzunguka njia ndefu ili apite nyuma ya banda, na hapo husimama kidogo akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Anazijua sauti zote tisa. Ananiambia mwenyewe, bila aibu, kwamba anaomba Mungu moja ife.

Jumatano iliyopita batani ya kijani ilikwama. Ilipiga mara moja, haikurudi. Nilimwona akinyanyuka, akaingia bandani karibu kwa kukimbia, mkoba tayari umefunguliwa.

Mchezaji alikuwa ameigeuza pedi juu chini, anaitikisa. Likadondoka ganda la karanga. Akapuliza, akabonyeza, ikalia.

"Umefuata nini, mtani?" Isihaka aliuliza.

"Nilikuwa napita tu."

Akabaki amesimama mlangoni mpaka muziki ukaisha, anasikiliza. Batani tisa zote zilikuwa nzima.