Bunduki ya Babu Ilikuwa na Kiu

Wiki iliyopita, kwenye ukumbi mmoja hapa Ilford, ughaibuni, nilimwona mthamini wa vitu vya kale akichungulia ndani ya bunduki ya vita. Ile harufu ya mafuta na chuma ikanirudisha Lamu.

Babu alirudi na bunduki yake kutoka vitani Burma. Alikuwa akikaa nayo chumbani, kidevu juu ya mdomo wa bunduki. Nilidhani anapumzika.

Kila Ijumaa, babu akienda msikitini, bibi aliimiminia maji ya chumvi ndani. "Ina kiu," aliniambia. "Usimwambie babu yako." Nikamshikia kopo.

Alasiri moja askari aliyekuwa akikusanya bunduki za vita alikuja kuikagua na kuichukua. Akajaribu kuifungua, ikakataa. "Imeliwa na kutu, mzee. Hii haiwezi kulia tena."

Babu akamgeukia bibi. "Ni wewe?"

"Ni mimi," bibi akasema, akaendelea kuchagua mchele. Niliona haya, nikidhani tumemharibia kitu chake.

"Kwenu mlikuwa nayo kama hii?" mthamini aliniuliza pale Ilford.

"Tulikuwa nayo. Ikaliwa na kutu."

Akanipa pole. Babu aliishi mpaka akasahau majina yetu sote.