Msimu wa Uji wa Chenga

Hapa Kabambare ninapoishi sasa, chenga za mchele huuzwa bei rahisi, na wanaozinunua huzifunika ndani ya kapu ili jirani asizione. Mimi sifuniki. Uji wa chenga ukianza kuchemka, hutoa harufu ya mchele mpya yenye kamoshi kidogo kwa chini, kwa sababu chenga huwahi kushika sufuria. Nikiisikia harufu hiyo narudi Kasongo, kwenye ua wa baba yangu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, wakati nyumba yetu ilipokula chenga msimu mzima na mimi nikaona haya kutazama watu usoni.

Lazima mwelewe kwanza jambo la mchele kwetu. Mwanamke wa Kasongo alipimwa kwa mchele wake. Ukitwanga mpunga ukatoka mzima, mrefu, punje moja moja, watu husema umefundwa. Ukitoka vipandevipande, hawasemi kitu mbele yako, wanamhurumia mama yako aliyekuzaa. Na mama yangu, ambaye wote walimwita Mama Salima kwa jina langu, alikuwa mtwangaji wa sifa. Harusi ikiwa mtaani, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Halafu ghafla, msimu mmoja, akawa mvunja mchele.

Kila alasiri wanawake walikuja uani kwetu na michi yao begani. Alikuja Mama Feruzi wa nyumba ya pili, na Mama Veronika, mke wa katekista, Mzimba kwa kabila, mwenye kicheko kirefu, ambaye zamani hakuwa na sababu ya kuvuka njia kutoka upande wa misheni mpaka kwetu Waislamu. Wengine walifuata nyuma yao. Watatu walishika kinu kimoja, michi ikipanda na kushuka kwa zamu bila kugongana, na waliobaki walikaa kwenye mikeka wakipepeta. Nami nilikuwa na ungo wangu mdogo, nikifukuza kuku, pumba zikiniingia machoni.

Walizungumza tangu mchi wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilisikia maneno kama chama, kadi, pamba, uhuru, lakini kwangu yalikuwa maneno ya wakubwa, sawa na bei ya chumvi. Nilichokiona ni kwamba mchele ulikuwa umeshatakata, mweupe kabisa, na bado hawakuacha. Polisi wa teritware, yaani wa wilaya ya Wabelgiji, akitokea kwenye kona na baiskeli yake, kinga kama tulivyoiita, Mama Feruzi alimwaga mchele uliokwisha kutwangwa ndani ya kinu tena, na wote watatu wakatwanga kama wanaofukuzwa. Polisi akasalimu, wakamwitikia kwa adabu, akapita. Mchele ule ukawa chenga. Kesho yake ulitwangwa tena.

Chuoni, tulikosoma Kurani, watoto wa mtaa wakaanza kuniita Binti Chenga. Nilimwomba mama aniruhusu nitwange mimi. Akacheka, akaniambia mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali, na jibu hilo likaniudhi kwa sababu mapishi yetu yalikuwa uji tu, asubuhi na jioni.

Shangazi yangu akaja kutoka Nyangwe na samaki wa kukausha, akakaa siku kadhaa, akala uji, akanyamaza, akala tena. Mwisho alishindwa. Alimwambia baba mbele yetu sote, "Kaka, huyu mwanamuke anavunja mchele. Kesho atavunja nyumba." Baba alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache. Aling'ata uzi, akasema, "Mimi ninapenda uji." Nilimtazama nikijua anasema uongo, maana uji aliuchukia.

Siku zikaenda, na chama kikapata ruhusa ya kufanya mkutano wa wazi. Mgeni mkubwa wa chama alikuja kwa motokari. Mzee Ramazani, mwenyekiti wa chama mtaani petu, mwenye kanzu iliyonyooshwa na baba yangu kwa pasi ya makaa, aliwagawia watu kazi: wanaume wakae kwenye viti, wanawake wapike. Hakuna aliyekumbuka kuuliza watapika nini. Mtaa mzima ulikuwa na chenga.

Wakapika chenga. Unajua wali wa chenga ukipoa unavyokuwa: unashikana, unakaa kama ulivyomiminwa. Mgeni akaukata kwa kijiko, akautazama, akasema kwa upole, "Bugali yenu iko nyeupe sana." Wanaume wote wakainama kutazama viatu vyao, na walio peku wakatazama vidole. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa amesimama na birika la kunawia mikono. Hakuliweka chini. "Ni wali, baba," alisema. "Wanaume walikatazwa kukusanyika. Sisi hatukukatazwa kutwanga. Tukatwanga mpaka bwana zetu wote wakachukua kadi za chama. Mchele ndio ulikufa."

Kisha mgeni akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, akaomba sahani ya pili. Alipohutubia alasiri aliwataja wanawake wa kinu, akasema siku ya kuchagua itakapofika nao watachagua pamoja na bwana zao. Mzee Ramazani akarudia maneno hayo kwa sauti kubwa zaidi ili waliokuwa nyuma wasikie. Mama Veronika alipiga kigelegele hata kuku wetu, nyumba ya tatu kutoka hapo, wakaruka.

Tangu siku ile sikuona haya tena, hata Binti Chenga nikaitika. Mama alinunua kikwembe kipya, kitenge chenye maua ya njano, baba akakipinda ukingo kwa mshono mdogo mdogo aliouweka kwa wateja wa heshima tu. Mama hakukivaa. Alisema ni cha siku ya kuchagua. Wakati mwingine alikitoa sandukuni, akakijaribu kiunoni, akakirudisha. Nadhani sijamwona mama akitaka kitu kwa wazi namna hiyo, si kabla wala baadaye. Alisema neno moja tena na tena wakati wa kutwanga: "Na mimi nitatia karatasi yangu."

Siku chache kabla ya uchaguzi Mzee Ramazani alikuja kwetu bila kutuma salamu mbele. Alikataa kahawa. Alikalia ncha ya kiti.

"Mama Salima," alisema, "sheria yao ya kuchagua iko ya wanaume tu."

Mama alikuwa akipepeta. Ungo haukusimama. "Na ninyi mulisema nini?"

"Tulisema tupate kwanza uhuru. Mambo ya wanawake tutaona kiisha."

"Sawa," mama alisema. Akaendelea kupepeta, na Mzee Ramazani, aliyezoea kujibiwa maneno mengi, alikaa kidogo akitazama kanzu yake, kisha akaaga.

Siku ya kuchagua, wanaume wa mtaa walitoka alfajiri wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Mama alikuwa amevaa kikwembe chake cha zamani. Alimwonyesha baba tena alama ya chama, ingawa baba aliijua, akamrekebisha kola. Baba alipoondoka, mama alitoa mpunga, akashika mchi. Mama Feruzi hakuja. Mama Veronika hakuja. Mchi mmoja tu ulisikika, taratibu, na kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ambayo sikuwa nimeizoea.

Mchele ukatoka mzima. Punje ndefu, nyeupe, hakuna hata moja iliyovunjika. Mimi nilifurahi vibaya sana. Nilimkimbilia kila mtoto aliyenicheka nikamwita aje aone sufuria yetu. Nilidhani mama amepona, ugonjwa wake wa kuvunja mchele umekwisha.

Baba alirudi mchana, akanawa, akaketi. Nikamwekea wali mimi mwenyewe, nikisubiri anisifu. Aliutazama muda mrefu bila kuugusa.

"Chenga iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna," mama alisema. "Leo nilitwanga peke yangu, bila maneno."

Baba akasukuma sahani pembeni. Mimi nilikasirika, nikaila yote, na ulikuwa wali mtamu kuliko wote niliowahi kula. Ilinichukua miaka, mpaka siku nilipoingia mimi mwenyewe kwenye chumba cha kura nikiwa nimejifunga kikwembe cha maua ya njano kilichochakaa, kuelewa kwa nini baba yangu, aliyeuchukia uji, aliulizia chenga siku ile.