Tarishi Aliyeuliza Kama Malaika Hukataa

Magige alikuwa tarishi wa ofisi ya tarafa kwa miaka kumi na sita, na kazi hiyo aliipoteza kwa sababu ya mdomo wangu. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akadai kwamba nimeficha. Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Wasichana tuliofika huko kwenye kilima chetu tulikuwa wawili, na yule mwingine hata herufi za kuunganisha hakuziweza. Haya ninayoandika nayakumbuka mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Kwetu ni Nyabehera, kati ya Butiama na Bunda. Magige alianza kazi wakati wa Mwingereza, akibeba barua za baraza la mtemi. Uhuru ulipokuja walimbadilishia kofia. Baiskeli ilibaki ileile, mkoba wa turubai uleule, na yeye ni yuleyule: mrefu, mkimya, anakaa nje ya mlango mpaka umwite mara mbili. Alikuwaga anakupa barua, anafungua kitabu cha dispachi, unaweka dole gumba, anaondoka. Maji ya kunywa alikuwa hakubali.

Zamani zile hatukumwogopa, maana alikuwa hajui kusoma. Barua ndani ya mkoba wake ilikuwa salama kama iko kaburini. Lakini mwaka sabini na mbili kisomo cha watu wazima kilimfikia naye, akakaa kwenye benchi na wazee wenzake, akajua kusoma. Tangu hapo watu wakabadilika. Akifika kwako unamtazama usoni kwanza kabla ya kuipokea barua, ujue kama yeye keshaijua. Na uso wake haukusema kitu. Mimi sijawahi kumwamini mtu ambaye uso wake hausemi kitu.

Mwaka uliofuata akaanza mafundisho ya ubatizo kwa Clementi, katekista wetu. Hapo ndipo alipouliza swali lake. Nilikuwepo, maana Clementi alinitumia kuwasomea watu katekisimu, macho yake yalikuwa mabovu. Tulikuwa tumefika kwenye malaika. Clementi akaeleza kwamba malaika ni wajumbe, Mungu huwatuma. Magige akanyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, akitumwa neno asilolipenda, malaika anaweza kukataa?"

Watu walicheka. Clementi hakucheka. Alimjibu kwamba malaika waliulizwa mara moja tu, hapo mwanzo kabisa. Wengine walikataa, na hao tunawajua wanaitwaje sasa. Waliokubali walikubali moja kwa moja. Si kwamba wamefungwa kamba, bali wanamwona Mungu waziwazi, na anayemwona hivyo hatamani tena kitu kingine.

Magige akasema, kwa hiyo aliyekubali siku ile hana tena siku ya kufikiri. Clementi akamtazama sana. Baada ya somo aliniita pembeni akaniuliza kama tarishi ana ugomvi huko ofisini. Nilisema sijui. Lakini shaka ilikuwa imeshaniingia. Mtu mzima, kazi yake kupeleka maneno ya serikali, anauliza kuhusu kukataa?

Nikaanza kumfuatilia. Sioni aibu kulisema. Nilijua kwamba swali lile alilipeleka mpaka Bunda, kwa fundi Maulidi, Mwislamu aliyekuwa anamtengenezea baiskeli. Maulidi mwenyewe alinisimulia nilipompelekea gurudumu la jirani. Alimjibu kwamba malaika wameumbwa kwa nuru, hawamwasi Mungu, wanatenda wanaloamrishwa. Iblisi aliyegoma kusujudu alikuwa jini, na hiari wamepewa majini na watu. Magige hakutosheka, akamng'ang'ania, hadi Maulidi akakiri kwamba wapo malaika wawili wanaotajwa huko Babeli, na habari zao masheikh wenyewe wanazibishania. "Nikamwambia, we mzee, unatafuta mwanya," Maulidi alisema. "Nikamkazia breki, akaenda zake."

Aliuliza pia kwa Esta, dada yake, aliyekuwa Msabato na shamba lake linapakana na letu. Esta alimwambia kwamba Mungu hataki kuabudiwa na mashine ya kusaga. Malaika wana hiari, walikuwa nayo na wanayo hadi leo, kila asubuhi wanachagua upya. Nilikuwa upande wa pili wa ua, nachuma kunde, nikasikia yote.

Na mwisho akamwuliza mama yangu, Wankyo. Mama hakuwa na dini ya kitabu. Aliishika misambwa, wale wa mlimani waliolinda ukoo wetu toka zamani. Alimcheka. Akasema wao unawapelekea pombe ya ulezi, wakitaka wanaipokea, wasipotaka wanaikataa, na hutawafanya kitu, ni kama wakwe. Mjumbe asiyeweza kugoma yeye alikuwa hajawahi kumsikia. Magige aliinamisha kichwa kumsikiliza. Kisha akamwuliza pamba yake itakwisha kuchumwa lini.

Swali hilo la pili ndilo lililonikaa. Pamba ya mama inamhusu nini tarishi?

Hiyo ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, mwaka sabini na nne. Operesheni ya vijiji ilikuwa imeshafika kwetu. Vilima vya jirani vilikuwa vinahamishwa kimoja kimoja, lori linapakia vitanda, vinu na kuku, watu wanashushwa uwandani na kuonyeshwa kamba ya mipaka ya viwanja. Kila mtu alijua kwamba barua ikija, ina tarehe ndani yake. Waliopata zao mapema waliacha pamba imefumbuka shambani, mbuzi wakaila. Sisi tulikuwa tunachuma na kusikiliza barabara. Ukisikia kengele ya baiskeli, mikono inasimama.

Baiskeli haikuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Magige tulimwona akipita na barua nyingine, za shule, za zahanati. Kwetu hakukata kona. Mama alichuma mkono wa kwanza, akarudia shamba akachuma wa pili, tukakaa chini kutenga pamba safi na fifi, ile chafu, tukapeleka magunia ghalani kwa ushirika. Niliona jambo moja tu, nalo lilinichoma: Esta alikuwa anachuma kama mtu anayefukuzwa. Alichukua hata matumba yaliyoanza tu kupasuka. Alikuwa ameshang'oa na milango ya ghala lake la mtama. Esta amejuaje?

Alhamisi ya tarehe kumi na moja Julai, Magige akakata kona. Nyabehera nzima ilipata barua siku ile moja. Mama aliweka dole gumba, mimi nikaisoma ya kwetu. Tulitakiwa tuwe tumehama kabla ya tarehe thelathini Juni. Nikasoma tena. Muhuri wa ofisi ulikuwa wa tarehe nne Juni.

"Imekaa wapi siku zote hizi?" nilimwuliza.

"Imefika," alisema, akafunga kitabu.

Jumamosi akaja Katibu Tarafa mwenyewe na lori na mgambo tisa. Alituita wote kwenye ghala la pamba. Alikuwa kijana, amevaa suti ya chuini, ile ya viongozi wa chama, ana haraka. Alisema tumeshindana na serikali kwa makusudi, tumepewa mwezi mzima tukakaa, kwa hiyo hakuna muda tena, nyumba zinabomolewa leo, vitu vitolewe kama vilivyo. Mwenyekiti wetu, mzee Wanzagi, alisema barua zilichelewa kidogo, labda njia. Watu wakaitikia, njia, njia mbaya. Katibu Tarafa akauliza njia gani hiyo mbaya wakati wa kiangazi. Watu wote wakatazama miguu yao.

Mimi kimya kile nilikiona ni ujinga. Niliwaona watu wazima wanaobomolewa nyumba kwa kosa la mtu mwingine, hata tarehe hawawezi kuitaja. Nikasimama. Nilisema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba muhuri ni wa tarehe nne Juni na madole gumba kwenye dispachi ni ya juzi, na kwamba anayejua barua zililala wapi siku thelathini na saba amesimama pale mlangoni na mkoba wake. Nikaongeza kwamba dada yake alichuma kwa pupa kana kwamba ameonywa, sisi wengine tukaachwa tukamatwe.

Hapo Esta alifunika uso. Mama, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alinivuta kanga kwa nguvu hadi nikakaa.

Katibu Tarafa akafungua dispachi. Akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Akasema kama ni hivyo, Nyabehera haina kosa, tunapewa siku kumi. Watu walishusha pumzi. Kisha akamgeukia Magige.

Clementi akawahi kusimama. Katekista wetu, mtu wa kweli kuliko wote, alisema kwamba baiskeli ya tarishi ilikatika mnyororo mwezi ule, fundi Maulidi wa Bunda ni shahidi, na mnyororo wa kuagiza Musoma unachukua muda. Nilimtazama Clementi, naye hakunitazama. Mlango ulikuwa wazi. Tarishi angesema ndiyo tu, angepewa onyo, na Jumatatu angekuwa juu ya baiskeli yake. Hata Katibu Tarafa alikuwa anaungoja mnyororo ule, nilimwona kalamu yake imeshagusa karatasi.

"Ni kweli, mnyororo ulikatika," Magige alisema. "Lakini sio mnyororo, Ndugu Katibu. Barua nilizisoma, nikaziweka."

"Uliziweka kwa nini?"

"Niliona pamba."

"Nani alikutuma uone pamba? Kazi yako ni kupeleka."

"Ndiyo. Na kupeleka nimepeleka miaka kumi na sita. Hii nilikataa mpaka walipomaliza kuchuma."

Aliongea bila kupandisha sauti, kwa uso wake uleule usiosema kitu. Akavua mkoba begani, akavua kofia, akaviweka juu ya mizani ya pamba. Mgambo wakampandisha kwenye lori. Alikaa mahabusu wiki mbili. Alipotoka hakuwa na kazi, na baiskeli ilikuwa mali ya serikali, akatembea kwa miguu hadi kijiji kipya alikokuta Esta amemjengea banda.

Mama hakunisemesha kwa siku nane. Siku ya tisa alisema, "Kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Wewe ndiye uliyesoma, na wewe peke yako hukujua." Nilimjibu kwamba nyumba zingebomolewa siku ileile kama nisingesema. Hilo ni kweli na hadi leo hakuna aliyenipinga. Lakini alikuwa amekwisha kunipa mgongo.

Clementi alimchelewesha Magige ubatizo miezi minane. Nadhani kilichomtesa si uasi wa tarishi, ni ule uongo aliotaka kumsaidia nao. Pasaka ya mwaka uliofuata alimwita, akampendekezea jina la Gabrieli. Magige alikataa. Alichagua Silasi, kwa sababu kwenye Matendo ya Mitume alisoma kwamba Sila alitumwa kupeleka barua Antiokia. Basi, akawa Silasi Magige, mkulima wa kijiji cha ujamaa, akilima shamba la pamoja siku tatu kwa wiki kama sisi wote.

Mimi niliolewa Musoma, tukakaa Iringo, mume wangu alikuwa fundi seremala. Miaka ikapita mingi. Siku moja Magige akaja mjini kutafuta miwani, akafika kwangu kunisalimia, mzee kabisa, fimbo mkononi. Aliketi nje ya mlango mpaka nilipomwita mara mbili. Nilimpikia sato na ugali wa muhogo. Akiwa anakula nikamwuliza lile lililonisumbua tangu ghalani. Nilitaka kujua ukweli. Kuna watu walishasema kwamba kisa kilikuwa mnyororo kweli, na yeye alijikweza tu mbele ya watu, maneno ya hiari yalikuwa yamemlewesha.

"Mnyororo ulichukua siku mbili," alisema. "Thelathini na tano ni zangu."

"Na Esta je? Esta ulimwambia."

Alitafuna polepole, akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Nilimwambia. Alikuwa na shamba kubwa na hana mtu."

"Mama yangu naye alikuwa hana mtu zaidi yangu."

"Mama yako sikumwambia," alisema. "Ninyi mlikuwa na wewe. Ungesema."

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumshuku. Alimpendelea dada yake, kama nilivyosema mbele ya watu wote, na sikumsingizia hata neno moja. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka ishirini na zaidi. Nilifungua kinywa, na lililotoka ni kumwuliza ana salamu gani za mama, nikasahau kwamba mama keshafariki. Naye hakunisahihisha. Alisema mwambie pamba ya mwaka ule ilikuwa nzuri, akanawa mikono, akachukua fimbo yake kuwahi gari la Bunda.