Samadari Iliyokuja na Ndege ya Jeshi

Chande wa Msambweni alikuwa kuli wa kupakia ndege za jeshi kule Mombasa, na kwa uongo wa papo kwa papo hakuwa na mpinzani. Aliipenda ndege moja kubwa iliyofunguka nyuma kama ghala. Asubuhi ilibeba askari, adhuhuri ng'ombe, alasiri mabomba ya maji, wala haikuchagua mzigo. Wanaochagua ni binadamu. Mzee Kombe wa Diani, babake Esha mchumba wake, alikuwa ameikubali posa ya Chande kwa sharti: Ijumaa bila samadari hakuna ndoa, na kitanda chenyewe kisiwe kimelaliwa na mtu.

Mvua za mwaka hamsini na saba zikakata njia zote za kutoka Mombasa. Chande akaona isiwe taabu. Alhamisi akaipenyeza samadari yake ndani ya ndege hiyo, iliyokuwa itue Diani mwisho wa safari, akaificha nyuma ya magunia ya unga.

Ndege ilianzia Samburu ya huku Pwani, kuwashushia unga watu waliozingirwa na maji. Magunia yalipokwisha, sajini Mzungu akakiona kitanda, na nakshi zake na vioo vyake.

"Hiki cha nani?"

"Cha hospitali ya Msambweni, bwana," akajibu Chande bila kupepesa macho.

Uongo huo haukupata hata nafasi ya kupoa. Aliletwa Kadzo, mke wa mfugaji mmoja, uchungu umemshika, apelekwe hospitali hiyohiyo. Sajini akanyoosha kidole kwenye samadari. Chande akamshika mama wa watu mkono, akamlaza mwenyewe. Huruma alikuwa nayo, lakini Ijumaa yake aliililia kimoyomoyo. Walipokuwa juu ya Kinango, mtoto wa kiume akazaliwa.

Uwanjani Diani, Mzee Kombe na mamake, Bi Mwanapili, walikuwa wakimngoja Chande. Ndege ikafunguka, na Kadzo huyo juu ya samadari, kichanga kifuani.

"Shikamoo, baba," akasema Chande, macho chini.

"Marahaba. Kitanda kimelaliwa," akasema Mzee Kombe. "Hapana ndoa."

Bi Mwanapili akamwinamia Kadzo, akampa pole na hongera, akamfunua mtoto akamtazama vizuri. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Kombe mwanangu, watu hununua samadari wakakaa miaka wasione kitu. Hii haijafika nyumbani, imeshazaa. Muoze kijana kesho, kitanda kisije kikamwacha nyuma."