Tangi la Wageni

“Shangazi, hii mikono yako imefanya kosa gani?”

Farhiya aliuliza hivyo akiwa darasa la tatu, siku ya kwanza kumpelekea shangazi yake Sabdio chai pale wanapopokea maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Sabdio alicheka tu, akaendelea kunawa.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Mitungi ikishushwa kwenye pikipiki, anamimina maziwa kidogo kwenye kiganja, analamba, anasema kama ni mazima au yamechacha. Wote huonja hivyo. Lakini wengine walipangusa kiganja kwenye leso, wakashika mdomo wa mtungi unaofuata. Sabdio alinawa kwa sabuni baada ya kila mtungi, kwa maji aliyobeba mgongoni kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Wabera.

Walimwita Daktari. “Daktari, fanya haraka, gari la Nairobi halingoji operesheni yako!” Aliyepiga kelele kuliko wote ni Huqa, msimamizi.

Na tangi la kunawia lilikuwepo! Wafadhili walilileta, jipya, na mfereji wake. Akina mama wakapangwa mstari, wakanawa, wakapigwa picha. Wageni walipoondoka tu, Huqa akalifungia stoo. Eti lisichafuke. Tangi la kunawia mikono, lisichafuliwe na mikono!

Halafu Sabdio akashikwa na homa, siku mbili hakufika. Huqa akaonja mwenyewe, mitungi thelathini na nane, kiganja kimoja. Nairobi wakapiga simu: zaidi ya nusu imeharibika.

Sabdio aliporudi, hata salaam aleikum yake haikujibiwa. Huqa alikuwa amesimama mbele ya Mumina, mama kutoka kijiji cha Kinna mwenye ngamia saba.

“Mtungi wako ndio ulichacha. Kuanzia leo usilete maziwa hapa.”

“Sasa nipeleke wapi?” Mumina aliuliza.

Sabdio akaingilia. “Huqa, huo mtungi uliochacha uliupakia?”

“Mimi ni mjinga? Niliuonja wa kwanza, nikauweka kando.”

“Uliuweka kando. Basi uchachu ulitembea kwa miguu gani mpaka ukaingia kwa mingine? Ulinawa wapi baada ya kuuonja?”

Huqa akaangalia leso yake.

“Fungua stoo.”

“Mama, hilo tangi ni la wageni.”

“Na watoto wanaokunywa haya maziwa ni wa nani? Ni wa mbuzi?”

Mtu akacheka. Kisha akina mama wakaacha mitungi chini, mmoja baada ya mwingine, wakasimama mlangoni pa stoo. Hakuna aliyepakia hata lita moja mpaka kufuli ilipofunguliwa. Mfereji wa tangi bado ulikuwa umefungwa nailoni ya dukani.

Mumina alibaki. Huqa pia alibaki msimamizi, na mpaka leo hajamwambia Mumina pole. Hilo ndilo linalomchoma Farhiya kila akipita pale.

Likizo hii, sasa akiwa kidato cha tatu, alimkuta shangazi kwenye lile tangi, limepauka kwa jua, akisugua katikati ya vidole. Akamkumbusha lile swali la zamani.

“Haijafanya kosa,” Sabdio alisema, akikung'uta maji. “Lakini mkono wa hapa ukikosea, anayefukuzwa ni mtu wa Kinna ambaye hata hakuwepo. Leta huo mtungi.”