Siku Bosi Alipopanda Bodaboda Akavuka Malaba

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa Malaba akiwaongezea chumvi: ndiyo, yule mwanamke wa suti nyeupe aliyekimbia juu ya daraja na kiatu kimoja, akipiga kelele "Bosi, rudi! Bosi, usiniache!", alikuwa ni mimi. Video ninayo (nimetumiwa na watu wengi, wawili wao tunaimba nao kwaya), kwa hivyo msijisumbue kunitumia tena.

Mimi na mume wangu Omuse tulikuwa tunahamia Kigali. Omuse ni fundi wa malori, miaka yote amelala chini ya injini za watu hapo Busia, mpaka kampuni moja ya usafirishaji ikamwona na kumpa kazi ya kusimamia gereji yao kule Rwanda. Najua kuna mtu atasema Kigali si ng'ambo, unapanda basi leo kesho umefika. Nenda uwaambie hayo watu wa kwetu Marachi. Kwetu mtu akivuka mpaka na akapita hata Jinja, huyo ameenda ng'ambo, na hakuna mtu anaenda ng'ambo bila kuagwa.

Basi tukaagwa mara tatu. Tukaagwa Busia na majirani wa ploti, tukaagwa kwetu Marachi ambapo baba yangu aliomba maombi marefu mpaka ugali ukapoa, na mwisho tukaagwa Moding kwa mama mkwe wangu, ambaye alialika chama chake chote cha akina mama, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Vitu vyetu tukagawa. Kochi likaenda kwa jirani yake mama mkwe, masufuria kwa mwingine, mapazia kwa mwingine. Mimi nikasimama kutoa hotuba (hakuna aliyeniomba) na nikasema kwa sauti, "Mkiniona hapa tena kabla ya Krismasi, nifungeni kamba!" Watu wakapiga makofi. Mngeniona mngedhani naenda kuwa waziri.

Sasa, mbwa. Tulikuwa na mbwa wawili, Malkia na Bosi, na tulikuwa tunaenda nao. Hilo ndilo watu walishindwa kulimeza. Mama mkwe aliniita kando jikoni akaniambia, "Mwanangu, watu wakienda nchi ya watu wanabeba vyeti na blanketi. Nyinyi mnabeba mbwa?" Na kabla sijajibu nikasikia mmoja wa akina mama nyuma ya ukuta akimwambia mwenzake, "Wangekuwa na watoto si wangebeba watoto." Nikajifanya nachochea moto. Miaka tisa ya ndoa, mtu hujifunza kuchochea moto hata ambao unawaka vizuri.

Lakini acheni niwaambie kitu kimoja kisha tuendelee kucheka. Mwaka ule nilipopoteza mimba ya pili nililala ndani wiki mbili, na kila nikifungua macho, Malkia alikuwa amelala mlangoni ananiangalia. Halafu Omuse akaniletea Bosi, kitoto cha mbwa cha kahawia, sikio moja limekunjika, ili nipate sababu ya kuamka asubuhi. Nikaamka. Kwa hivyo hawa mbwa hawangeachwa, hata kama tungeenda mwezini.

Jina la Bosi lilitoka kwa kiti. Alikuwa anapanda kiti cha Omuse na kukataa kushuka, Omuse akasema, "Sawa, huyu sasa ndiye bosi hapa," na jina likashika. Nyumbani halikuwa na shida yoyote. Lakini hebu fikiria wewe mtu mwenye akili timamu unampeleka mbwa anayeitwa Bosi mpakani, mahali ambapo kila mwanaume mwenye shati anaitwa bosi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama! Tulifikiria chanjo, tukafikiria vyeti, tukafikiria kibali cha kuwaingiza Rwanda, Omuse akachomelea vizimba viwili vya chuma kwa mkono wake. Jina hatukulifikiria.

Siku ya safari tulifika Malaba mapema na lori la kampuni ambalo lingetubeba. Na msafara wetu nyuma, maana mama mkwe na chama chake walikataa kutuacha Moding, wakasema watatusindikiza mpaka mwisho wa Kenya wakiimba. Daktari wa mifugo ndiye angeangalia mbwa na kugonga muhuri, lakini tukaambiwa ameenda kula, anarudi saa hii hii (mnaijua hiyo saa hii hii). Omuse akaenda kwenye foleni ya pasipoti. Kabla hajaenda alinigeukia, akaniambia maneno ambayo nitayakumbuka mpaka kaburini: "Nabwire, mbwa wasitoke kwa kizimba."

Nikasema sawa.

Halafu mama mmoja wa chama akasema, "Hebu tupige picha na hao mbwa wanaoenda Ulaya." Nami nilikuwa nimevaa suti nyeupe mpya, wigi mpya, viatu vya kisigino, na ukweli nilitaka ile picha kuliko hata wao. Nikamtoa Bosi. Mnyororo wake ulikuwa na kutu, nikaona utaniharibia picha, nikauvua, nikamfunga na skafu yangu ya hariri. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa skafu.

Tumesimama, tumetabasamu, na kando yetu kulikuwa na mwendesha bodaboda, kijana wa koti la kung'aa, anamwita mwanaume fulani aliyebeba mkoba: "Bosi! Panda twende! Bosi, panda twende!"

Lazima niwaeleze kwamba Omuse alikuwa anamchukua Bosi kila asubuhi kwenda gereji kwa pikipiki. Mbwa anakaa nyuma, miguu ya mbele mabegani mwa Omuse, ulimi nje, Busia yote inawajua. Kwa hivyo yule kijana alikuwa amesema maneno matatu ambayo Bosi anayapenda kuliko yote duniani, na ameyasema kwa mpangilio ule ule.

Skafu ya hariri inateleza, jamani. Sikuhisi hata kuvutwa. Bosi alienda kama amepigiwa simu, akaruka juu ya kiti cha pikipiki, akaweka miguu mabegani mwa kijana, na kijana, akihisi mteja amekaa, akatia gia akaondoka. Yule mwanaume wa mkoba akabaki mdomo wazi. Mimi nikabaki na skafu mkononi. Na mbwa wangu huyo anaingia Uganda akiangalia kulia na kushoto kama mtu anayekagua barabara.

Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki katikati ya reli na lami, sikurudi. Wigi ikaniteremka machoni, nikaivuta, ikatoka yote, nikaendelea nayo mkononi nikiipunga kama bendera, kichwani nimebaki na mistari ya nywele ya zamani niliyokuwa nimeificha. Nilikuwa napiga kelele, "Bosi! Rudi Bosi! Mshikeni Bosi!" Wanaume wote wakageuka. Mmoja akaniuliza, "Mimi nimefanya nini?" Madereva wakatoa vichwa kwa madirisha ya malori. Nikasikia mtu akimweleza mwenzake, kwa uchungu kabisa, "Bwana yake amemwacha mpakani, amechukua pasipoti zote." Maafisa nao waliniacha nipite. Nadhani waliona mwanamke aliyeachwa hastahili kusimamishwa.

Upande wa pili wa daraja kulikuwa na wanawake wanauza ndizi. Na kutoka upande huo huo alikuwa anakuja mwanaume mmoja mnene, taratibu, amebeba karatasi ya chakula, hana habari na mtu. Akainua macho, akaona mwanamke wa kiatu kimoja, wigi mkononi, anamjia mbio akisema "Bosi usiniache," akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Akageuka akakimbia.

Wanawake wa ndizi walimdaka kabla hajafika mbali. Wawili walimshika koti, mmoja akamshika mshipi.

"Huyu hapa bosi wako!" mmoja akaniita. "Mwanaume gani unaacha bibi mpakani?"

"Mimi simjui huyu mama!" akalia.

"Ndivyo nyote mnasema!"

Nikafika sina pumzi, siwezi kutoa neno, nimeinama nimeshika magoti, na nikiwa hapo nikasikia kuimba kumekoma nyuma yangu. Chama chote kilikuwa kimenifuata. Mama mkwe alikuwa mbele. Akaniangalia mimi, kichwa wazi mbele yake kwa mara ya kwanza tangu aniozeshe mwanawe, akamwangalia yule mwanaume aliyeshikwa mshipi, akauliza polepole, "Nabwire. Huyu ni nani?"

"Mama, simjui!"

"Hata mimi simjui!" mwanaume akasema.

Mnaona vile tulivyozidi kuharibu. Watu wawili wasiojuana hawakatai kwa nguvu hivyo. Nikaona macho ya mama mkwe yakijaa maji, na nawaambia ukweli, kucheka kote nilikocheka baadaye, pale hapakuwa na kicheko. Nilidhani nimempoteza mama mkwe wangu. Afisa mmoja akaja akaniuliza kwa upole, "Mama, tulia. Huyu bosi unayemtafuta ni nani?"

"Ni mbwa," nikasema.

Afisa akaniangalia kuanzia kichwani mpaka mguu usio na kiatu.

"Unamtukana mume wako?"

"Hapana, afande. Ni mbwa kweli kweli. Anaitwa Bosi. Amepanda bodaboda."

Wanawake wa ndizi wakamwachilia yule mwanaume kidole kimoja kimoja. Akajipangusa, akainama akaokota chakula chake kilichomwagika, akakitazama, akakiacha. Kisha akaniuliza, "Ni mbwa wawili? Wa kwenda Kigali?"

Nikasema ndiyo, umejuaje?

"Mimi ndiye daktari," akasema.

Bosi tulimkuta hatua chache mbele, kwenye kibanda cha nyama za kuchoma za vijiti, amekaa wima kama mgeni wa heshima. Mwenye kibanda, mama wa Kiganda, akaniuliza, "Nyabo, embwa yo?" nikasema ndiyo ni wangu, akaniambia amemlisha vijiti viwili kwa sababu mbwa anayekuja kwa bodaboda lazima ana mwenyewe mkubwa. Kijana wa bodaboda alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Nilidhani ni mteja tu asiyependa mazungumzo," akaniambia. "Nilipomuuliza nimshushe wapi, akanilamba sikio."

Daktari alikuwa mtu mzuri kuliko nilivyostahili. Tuliporudi upande wetu alimwangalia Malkia ndani ya kizimba, akasema huyu hana neno. Lakini kwa Bosi alitikisa kichwa. "Mbwa huyu ametoka nchi na kurudi bila karatasi, amekula sijui nini, amenusana na mbwa wa sokoni. Siwezi kuandika kwamba sikuyaona, na nimeyaona mpaka mshipi wangu umekatika. Rudi naye nyumbani siku kumi, nimwangalie tena." Nikamwomba, Omuse, ambaye alikuwa ametoka kwenye foleni, akamwomba, akasema siku kumi.

Lori halingengoja, na mbwa hatukutaka kuwatenganisha. Kazi ya Omuse ilikuwa inaanza. Alipanda, akaniangalia kutoka juu kwa dirisha, nikangoja anigombeze, nilitaka anigombeze, lakini alisema tu, "Chukua koti langu, umechafuka," akanitupia, na lori likaenda. Hatukuwa tumewahi kulala mbali zaidi ya usiku mmoja.

Kwa hivyo mwanamke aliyeagwa mara tatu akarudi Moding jioni ile ile, kwenye pikapu ya msafara, katikati ya vizimba viwili. Jirani alikuwa ameshakalia kochi langu, ananywa chai. Akaniona, akaingia ndani, akatoka na kamba ya kufungia ng'ombe, akaniuliza kwa adabu nataka nifungiwe wapi. Nikaazima sufuria zangu mwenyewe. Kila mtoto aliyepita barabarani alisema "Bosi, panda twende!" na kila mara mbwa yule mpumbavu alisimama.

Siku mbili mama mkwe alinipita uani kama mtu anayetafuta kuku. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya jiko akiwaigizia dada zake: ameshika kitambaa kama wigi, anakimbia na kiatu kimoja, kisha anageuka kuwa daktari, kisha anageuka kuwa yeye mwenyewe akiuliza "Huyu ni nani?" Aliponiona akakwama. Halafu tukacheka wote mpaka akakaa chini kwenye majivu. Kuanzia hapo Bosi akawa analala jikoni, mahali ambapo hakuna mbwa alikuwa amewahi kukanyaga, na nilimsikia mara moja, akidhani niko mbali, akimwambia huku akimtupia vichwa vya samaki wa omena, "Wewe ndiye ulimtoa msichana wangu kitandani, eh? Kula basi. Kula."

Siku ya kumi daktari alitia sahihi (kwa umbali kidogo). Tuliondoka asubuhi, mimi, mbwa wawili, na mama mkwe peke yake. Hakuna chama, hakuna kitenge, hakuna picha. Nilivaa rinda la kawaida na kitambaa kichwani. Pale mpakani mama alinishika mikono yote miwili, na machozi yakaanza kumtoka, nikashtuka, maana ile mara ya kwanza alikuwa ameimba tu.

"Mama, mbona unalia leo?"

"Ile siku kulikuwa na watu," akasema. "Ningelia saa ngapi?"

Sasa niko Kigali, na nimeapa. Siku nikihama tena nitaaga wale watakaolia tu, nitawaaga mmoja mmoja, na hotuba sitoi.